Baba Ameacha Kuomba

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi. Sisi huku ni wazima, au niseme mimi ni mzima, maana Baba siku hizi sijui nimwelezeje.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua. Nikikohoa sebuleni penye cherehani yangu, Baba anasikia chumbani kwake, na jambo lenyewe linamhusu yeye. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, usimpe mtu mwingine akusomee.

Baba ameacha kuomba. Si kanisani tu, hata mezani. Aliporudi kutoka kwenu baada ya mazishi ya mtoto wenu alikuwa akiomba kama kawaida, tena kwa machozi, na jina lako akilitaja kila mara. Halafu asubuhi moja nikamkuta amekaa chini karakanani kwake, katikati ya maranda, kikombe cha chai kimemwagika pembeni. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Nimeteleza." Nikamwinua, tukayaacha hapo. Tangu siku hiyo chakula kikiwekwa mezani anafumba macho, anakaa kimya, anasema "amina" na kuanza kula.

Mwanzoni nilidhani anaomba kimoyomoyo. Lakini huyu ni Baba. Tulipokuwa wadogo uji ulikuwa unapoa kabisa kwa sababu ilibidi kwanza awapitie wagonjwa wote, wajane wote na wasafiri wote ndipo afike kwenye uji.

Jumapili iliyopita mchungaji alimwita mbele awaombee watoto wanaofungua shule. Baba alisimama, akamtazama mchungaji, akatikisa kichwa, akakaa. Mzee wa kanisa wa miaka yote ile. Kisha kwaya ikaanza, naye akaimba kwa sauti yake ileile, ubeti kwa ubeti, bila kitabu. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Mwenye ugomvi na Mungu haimbi vile, na asiye na ugomvi naye hakatai kuombea watoto.

Jumanne katibu wa kanisa alikuja na mzee mwenzake. Baba aliposikia sauti zao alitoka kwa mlango wa nyuma. Nikabaki nao mimi, nikiwapa chai na uongo. Katibu akaniuliza taratibu, kama anayegusa kidonda, "Hivi mzee hana jambo linalomlemea? Jambo la siri?" Nikasema hana. Walipoondoka nikagundua kuwa mimi mwenyewe sina hakika.

Alipokuwa kwenu mlikosana? Niambie ukweli, mimi si katibu wa kanisa.

Dada yako


12 Februari

Dada, shikamoo.

Hatukukosana. Hatukurushiana hata neno moja, na labda ndilo tatizo.

Wewe hukuwepo hospitali. Baba alifika wakati mtoto amelazwa, hali yake ikiwa mbaya tayari. Akaweka mkono kwenye kile kitanda chenye vyuma akaomba, mbele ya manesi, mbele ya mama mkwe wangu. Akasema, "Mtoto huyu ataishi." Hakusema tunaomba aishi. Alisema ataishi. Mke wangu akafuta machozi, akala, akalala. Kesho yake nilikuwa kwa seremala mgeni nikimwelekeza urefu wa sanduku kwa mikono yangu miwili.

Siku hizi nikipiga simu hataki kuja kuongea. Unaniambia amelala, ametoka, anaoga, na huku namsikia akikohoa nyuma yako. Mara moja ulimpa simu kwa nguvu. Nikamwambia, "Baba, ni mimi." Akasema, "Haya. Haya. Sawa." Akakurudishia. Mtu amezika mwanawe wa kwanza, na baba yake anamwambia haya, haya, sawa.

Kwa hiyo unapoandika kwamba ameacha kuomba, mimi sishangai. Ana aibu. Au pengine siku zote alijua kuwa yale maneno hayavuki dari, na sasa amechoka kuigiza. Simwekei kinyongo. Nataka tu aseme kwa mdomo wake.

Sisi hatujambo. Kanisani tunakwenda. Kazi ya kuchomelea ipo nyingi, mageti na grili, watu siku hizi hawaaminiani. Mke wangu anakusalimu.

Mdogo wako


23 Februari

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kisha nikaichoma, Baba asije akaikuta. Sikujua habari ya maneno yale ya hospitali. Pole. Pole sana.

Lakini sikiliza hili, maana sasa sidhani kuwa ni aibu.

Nimeanza kumwangalia. Kuna siku zake maalumu, mchana baada ya kula, ananyoa ndevu, anavaa shati la pasi na kutoka. Nikimuuliza anakwenda wapi ananijibu, "Natembea." Mkono wa kulia anautia mfukoni, na hata chai siku hizi anashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikawaza, kuna kitu anakificha mfukoni humo. Alipokuwa anaoga nikalipekua koti lake. Hamna kitu, ila kitambaa na msumari. Ndipo nilipofika, ndugu yangu, kupekua mifuko ya baba yangu kama mke mwenye wivu.

Alhamisi nilifunga kazi, nikamwacha mteja na joho la kwaya lisilo na mkono mmoja, nikamfuata. Alikwenda mpaka nyuma ya mashine ya kusaga, kwenye nyumba ya yule mjane wa fundi saa, anayeimba sauti ya pili kwaya ya akina mama. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango kama mwenyeji. Pazia lilikuwa limeshushwa mchana kweupe.

Nikasimama kwenye meza ya mboga ng'ambo ya pili nikijifanya nachagua nyanya. Muuzaji akachoka kunitazama. Kisha nikawasikia wakiimba, wawili tu, wakirudia ubeti mmoja mara nyingi mno. Halafu mama yule akacheka, na Baba akacheka. Sijamsikia Baba akicheka tangu mwanao alipofariki.

Jioni nikamuuliza, "Baba, ulikuwa wapi leo?" Akakaa muda mrefu. Akasema, "Kwa mama."

Kwa mama. Mama yetu yuko makaburini, na mtu huyu ananitazama usoni ananiambia alikuwa kwa mama. Niliondoka mezani sikula.

Nifanye nini? Nikimwambia mchungaji, namvua baba yangu nguo mbele za watu. Nikinyamaza, namsaidia kuwadanganya.

Dada yako


1 Machi

Dada,

Shikamoo. Nilikuwa namtetea moyoni bila kukwambia. Sasa basi.

Mwanangu hajamaliza hata miezi michache ardhini, na aliyeniahidi kuwa ataishi ameshapata wa kuimba naye na kucheka naye pazia likiwa chini. Na kanisani hawezi kuomba kwa sababu ulimi unamshitaki. Angalau hapo ana haya kidogo.

Usimwambie mchungaji. Nitakuja mwenyewe mwisho wa mwezi. Nitamkalisha kwenye kiti chake nimuulize mambo mawili: nani alimwambia kuwa mtoto ataishi, na kama hakuna aliyemwambia, alikuwa anaongea na nani miaka yote ile sisi tukiwa tumefumba macho?

Mdogo wako


3 Machi

Wifi yangu,

Mume wangu hajui kama nakuandikia, nakuomba asijue.

Barua zako naziona kwa sababu anaziacha juu ya meza akitoka kwa hasira. Kuna jambo amekuficha. Kanisani haendi. Jumapili ananisindikiza mpaka getini, anageuka, anakwenda kufungua karakana. Kile kitanda kidogo cha chuma alichomtengenezea mtoto kabla hajazaliwa, chenye maua pembeni, alikikata vipande, vyuma vyake akavitia kwenye grili ya dirisha la mteja. Hakunishirikisha. Nilikuta nafasi tu pale kilipokuwa. Nikifumba macho kabla ya kula ananiuliza, "Unaongea na nani?" Haulizi kwa dharau, wifi. Ananiuliza kama mtu anayehisi mkewe ana mwanamume mwingine.

Anadhani Baba alinidanganya. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mtoto, kwa hiyo wacha niseme mimi. Baada ya maombi yale nililala usingizi na mwanangu kifuani. Ndio usiku wetu wa mwisho, nao ulikuwa wa amani. Yale maneno hayakuwa kweli, najua. Labda mzee alitaka mno hata akavuka mpaka. Lakini simdai.

Na lile neno "haya" alilolisema kwenye simu, nilikuwa karibu nikalisikia. Halikuwa la mtu mwenye kiburi. Lilikuwa na woga ndani yake.

Tafadhali, kabla hatujaja huko na hasira ya mume wangu, nenda ukabishe mlango ule. Uingie.

Wifi yako


11 Machi

Mdogo wangu,

Kaa chini kabla ya kusoma.

Nilikwenda kwa mjane wa fundi saa. Nilimwacha Baba atangulie, kisha nikabisha hodi nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali ambayo sitayaandika hapa. Mama yule akafungua, akanitazama na sentimita yangu ya kupimia nguo shingoni, akasema, "Karibu. Nilidhani utakuja mapema kuliko hivi."

Baba alikuwa amekaa mezani. Mbele yake palikuwa na kijiko, kiatu, kikombe, sabuni na kitana, vimepangwa kama vitu vya mnada. Jasho linamtoka. Aliponiona alitaka kusimama, mguu wa kulia ukakataa.

Mama yule akashika kijiko akamwonyesha, kana kwamba mimi sipo. "Hiki nini, mzee?"

Baba akakitazama. Midomo ikatafuta. Akasema, "Kiatu." Akatikisa kichwa kwa hasira, akapiga meza. "Kiatu. Hapana. Ki... kiatu."

Nilikaa kwenye sakafu, ndugu yangu. Sikutafuta hata kiti.

Ni kiharusi. Siku ile karakanani hakuteleza, au aliteleza kwa sababu ya hicho. Kilimpitia kidogo, kikamwachia kutembea ingawa mguu wa kulia umelegea, kikamchukulia nguvu ya mkono wa kulia na maneno. Yale mafupi yamebaki, ndiyo, haya, sawa, natembea. Mengine anayaona kichwani lakini yakifika mdomoni yamebadilika. Ndiyo maana hakuomba. Angefungua mdomo mbele ya watoto wa shule, hakuna ajuaye kingetoka nini. Mkono ule mfukoni haukuficha kitu, ulijificha wenyewe. Na "kwa mama" halikuwa neno la kiburi. Alikuwa anatafuta neno mjane, likaja hilo.

Mama yule aligundua dukani. Baba alikuwa anataka misumari, akashindwa kuitaja, mwenye duka akawa anamtolea kila kitu, kufuli, gundi, mpaka Baba akaokota msumari mmoja sakafuni akamwonyesha. Marehemu mumewe alipatwa na hali hiyohiyo miaka ya mwisho, naye mama huyu akajifunza kumsaidia. Nesi aliwaambia waanze na nyimbo, maana mtu aliyepoteza maneno mara nyingi huweza kuyaimba, hasa yale aliyoyaimba tangu utotoni. Kwa hiyo wanaimba ubeti, halafu anajaribu kuusema bila sauti ya wimbo, neno baada ya neno. Na pazia huwa linashushwa kwa ombi la Baba, watoto wa jirani wasimchungulie.

Nikamuuliza mama yule mbona hakuniambia. Akasema, "Alinikataza. Kwa mikono, lakini nilimwelewa."

Nikamgeukia Baba. "Kwa nini, Baba? Naishi na wewe nyumba moja."

Ilichukua muda mrefu, naye mama akanikataza nisimsaidie. Akasema, "Kijana." Akaelekeza kidole upande ilipo barabara ya kwenu. "Kijana... atasema." Akanyoosha kidole juu, kisha akajipiga kofi shavuni, polepole. "Na Baba. Hata Baba."

Sikuelewa. Mama akanifafanulia, kwa kuwa wameshalizungumza kwa siku nyingi. Baba anajua wewe una kesi na Mungu. Aliiona machoni mwako siku ya mazishi. Akawaza kwamba ukisikia na yeye amepigwa, tena amepigwa mdomoni, utasema Mungu ndiye aliyepiga, na hutarudi kwake tena. Hakutaka kuwa ushahidi mwingine mikononi mwako. Akaona afadhali umshuku yeye.

Nilimuuliza kama ndivyo. Akatikisa kichwa kukubali, akalia kama ambavyo sijawahi kumwona akilia.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Daktari alitugombeza kwa kuchelewa, akampa dawa za presha, akasema baadhi ya maneno yatarudi na mengine hayatarudi. Mchungaji amekuja, amekaa na Baba karakanani bila kumuuliza kitu, na katibu ameleta chai yake mwenyewe kwenye chupa. Nadhani ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Sikuulizi habari za kanisa lenu. Nimechoka kuchunguza watu. Njoo tu.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Tunakuja Ijumaa na basi la asubuhi. Usimwambie.

Hata sasa nakaa nikijiuliza kama mmenipangia hadithi ili nije bila hasira. Unaona nilipofika. Ulipoandika habari za kiatu na kijiko, nilimpa mke wangu asome, nikamtazama usoni anavyosoma, nione kama alishajua.

Siku ile kwenye simu, alipokuwa anasema haya, haya, sawa, alikuwa anataka kuniambia nini? Muulize. Hapana, acha. Nitakuja.

Mdogo wako


29 Machi

Dada, shikamoo.

Tulifika salama. Nakuandikia jambo ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa umetoka kumpimia yule mteja mwenye haraka, na sikutaka kulisema nikiwa bado nyumbani.

Ni ile Jumamosi mchana. Chakula kilikuwa mezani, tuko watatu, Baba, mke wangu na mimi. Nilikuja na maswali yangu mawili, unayajua. Tangu Ijumaa nilikuwa nayageuza kichwani nikitafuta pa kuanzia. Mtu akikutana na baba yake anayekiita kikombe sabuni na kucheka mwenyewe, maswali hayo atayauliza vipi?

Mke wangu akasema, "Baba, tuombee." Nilimkata jicho. Nilidhani anamwaibisha, au ananitega mimi.

Baba akafumba macho. Akasema, "Bwana." Likatoka vizuri. Akasema, "Asante." Nalo likatoka. "Asante kwa... kwa..." Hapo akakwama. Akasema, "Kwa kitanda." Akatikisa kichwa. "Kwa nguo. Hapana. Kwa..." Jasho likaanza kumtoka. Mke wangu alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa namtazama. Nilifikiri anatafuta chakula. Nikasema, "Chakula, Baba." Akatikisa kichwa kukataa. Akakunja mikono yake miwili, ule mzima ukiubeba ule dhaifu, akaipembeza kifuani.

Nikaelewa neno analolitafuta. Na nikaelewa kuwa mezani pale hakuna atakayemsaidia ila mimi, kwa sababu mke wangu alikuwa ameshaanza kulia.

Dada, sijalitaja neno hilo tangu mazishi. Nilikuwa nasema "lile jambo", "wakati ule". Nilitaka kuondoka. Kiti nilishakisogeza. Lakini mzee alikuwa amekwama pale kama mtu aliyeshika mzigo ngazini, hawezi kupanda wala kushuka, na macho yake bado yamefumbwa, ananingoja.

Nikasema, "Mtoto."

Baba akasema, "Mtoto. Asante kwa mtoto." Kisha akakwama tena, akanigusa mkono nimsaidie. Nikamwambia sijui unataka kusema nini, Baba. Akasema, "Sa... samehe." Akajigusa kifua. "Mimi. Mdomo. Niliahidi." Sikujua kama anamwambia Mungu au ananiambia mimi, na sikuuliza. Nikamjibu, "Sawa, Baba." Tukasema amina wote watatu. Wewe ukaingia na sentimita yako ukauliza mbona hatuli.

Yale maswali mawili sikuyatamka. La kwanza alinijibu mwenyewe: hakuna aliyemwambia, ni mdomo wake. La pili sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaona anaongea na nani. Mtu asiyekuwa na maneno hawezi kuigiza.

Usimtangazie mchungaji kuwa nimerudi kundini. Sijui nimerudi wapi. Bado namshuku Mungu. Nikiamka, naanza na swali kabla sijaweka miguu chini, kwa nini mtoto, na kwa nini mdomo wa Baba, na sijapata jibu. Mke wangu anasema yeye pia hana, na kwamba anamtegemea hivyohivyo. Nilimuuliza anawezaje. Akasema hawezi, ila kila siku anaanza tena.

Jumapili nilimsindikiza mpaka getini kama kawaida. Nikaingia. Nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na nyimbo sikuimba.

Jana alipotenga chakula, alifumba macho akangoja. Nilikaa nikatazama sahani. Chakula kikaanza kupoa. Mwishowe nikasema, "Bwana, nina maneno na wewe." Nikatafuta mengine, sikuyapata.

Akaitikia amina, tukala.

Mdogo wako